Waya wa Erthi Usikatwe

Si mara moja wala mbili tumeona mkutano wa hadhara, au hata maulidi, ukivurugwa na mvumo wa spika, msemaji akabaki kufungua na kufunga kinywa tu. Fundi huitwa mbio. Huchomoa plagi, hukata waya wa erthi, mvumo ukanyamaza, na watu wakampigia makofi. Sisi hatumpigii.

Vijana wa Buzuruga na wenzao wa visiwa vya Ukerewe wanaojifunza kuunda vikuza sauti, yaani amplifaya, wanastahili pongezi. Lakini wengi huchanganya mambo mawili yenye jina moja. Katika mchoro wa saketi, alama ya ardhi haina maana ya udongo. Ni mahali pa pamoja ambapo mikondo hurudi, na volti zote hupimwa kutokea hapo. Kwa atumiaye betri ya sola ya volti 12, mahali hapo kwa kawaida ni upande wa hasi, wala hahitaji kuchimbia kitu. Erthi ya umeme wa volti 230 ni jambo jingine kabisa. Hiyo kweli huenda udongoni, na kazi yake ni kulinda roho za watu. Waya wa moto ukilegea na kugusa kasha la chuma, erthi hupitisha mkondo ili umeme ukatike. Erthi isipokuwapo, njia ya mkondo huwa ni yule aliyeshika kasha, au maikrofoni iliyoungana nalo.

Mvumo basi watoka wapi? Mara nyingi watoka katika uungaji wa ovyo. Hata chipu ndogo ya LM386, ambayo wanaoanza huipenda, huzidisha sauti mara 20, na kwa kuongezewa kapasita moja hufika mara 200. Haichagui, huzidisha na takataka. Katika kikuza sauti kikubwa, waya wa kurudishia mkondo ukiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, ampea 1 ikipita huzaa milivolti 20, ilhali maikrofoni yenyewe hutoa milivolti chache. Maikrofoni ikirudishiwa juu ya waya huohuo, takataka imeshinda maneno. Dawa ni kila mkondo kurudi kwa waya wake, na nyaya zote zikutane mahali pamoja, karibu na kapasita kubwa ya kuchujia umeme. (Kapasita hiyo, tuseme kwa kupita, huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.)

Tunawaomba viongozi wa wilaya na kata wavikague vikuza sauti vyao vyenye kasha la chuma na plagi ya miguu mitatu kabla ya mkutano ujao. Plagi ichomolewe, mita iwekwe baina ya mguu wa erthi na kasha. Isome karibu na omu sifuri. Isiposoma hivyo, chombo kisiwashwe, hata kama mgeni rasmi ameshaketi.