Tai wa Tolkien na Uvivu Wetu wa Kuuliza



Imekuwa ada kwa wengi wa rika langu, waliozoea kuitwa walimu na mabingwa wa fasihi, kuwacheka vijana wanaoshinda wakijibizana juu ya visa vya riwaya za fantasia. Huwasikia wakiulizana kwa nini mchawi fulani hakufanya hili, au joka fulani lilitoka wapi, nao hutikisa vichwa. Husema vijana hao hawana kazi, na kwamba wanachosha akili kwa mambo yasiyokuwapo. Leo naipinga dharau hiyo waziwazi. Vijana hao wanaifanya kazi ambayo wasomi wengi wa tenzi zetu wameitupa: wanaiuliza hadithi maswali, kisha wanaidai hadithi ijijibu yenyewe.

Nitashika mfano mmoja ambao wapenzi wa riwaya hizo hawajachoka nao. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa The Lord of the Rings kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Kisa chenyewe kinahusu pete iliyofuliwa na Sauron, dhalimu wa nchi ya Mordor, ambayo haiwezi kuangamizwa ila katika moto wa mlima ule ule ilikofuliwa. Baraza linakaa Rivendell, na mtu mdogo wa umbo, Frodo, anajitolea kuibeba. Anakwenda kwa miguu, kwa njaa na hofu, na miezi inapita kabla hajafika. Pete inapokwisha kuteketea, tai wakubwa wanashuka na kumwokoa pamoja na mwenzake Sam. Hapo ndipo swali linapozaliwa: ikiwa tai waliweza kuwatoa mlimani, kwa nini hawakuwapeleka tangu mwanzo?

Mwenye haraka husema mtunzi alipitiwa. Mpenzi wa kweli wa kitabu hasemi hivyo, hurudi kurasani. Mmoja hujibu kwamba watumishi wa Sauron wangewashambulia angani, kwa kuwa wanapanda viumbe wenye mbawa. Mwingine humrudi papo hapo: wakati baraza lilipokaa, mwezi wa Oktoba, watumishi hao walikuwa wamepoteza farasi wao mtoni, na hakuna aliyekuwa amewaona wakiruka. Wa tatu hukumbusha kwamba tai si punda wa kukodi. Gwaihir, mkuu wao, alipomtoa mzee Gandalf juu ya mnara alikofungwa, alimweleza kuwa ametumwa kwa ajili ya habari, wala hakuwa tayari kumbeba kwa safari isiyo na kikomo. Wa nne hutaja kitabu kilichotangulia, The Hobbit, ambamo tai wanakataa kuwashusha wasafiri karibu na makazi ya watu kwa kuogopa mishale. Ikiwa upinde wa mchunga kondoo unawatia hofu, ngome ya Mordor je?

Tazameni mwenendo wa mjadala huo. Kila dai linaletwa na ushahidi wake. Anayekosea wakati husahihishwa kwa wakati, anayekosea kauli husahihishwa kwa kauli. Hakuna anayeshinda kwa cheo wala kwa mvi. Nimekaa katika vikao vya walimu wa fasihi ambamo hoja ilikufa kwa sababu tu aliyeipinga alikuwa mkubwa wa idara.

Lakini majibu hayo yote bado yako mlangoni. Jibu lililo ndani ya nyumba ni hili: swali linadhani kwamba tatizo la pete ni umbali. Frodo anapofika ukingoni mwa moto, baada ya mateso yote, anashindwa kuitupa. Anaidai iwe yake. Pete inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe dhalili aliyetawaliwa nayo miaka mingi, anamng'ata kidole, anaipokonya na kutumbukia nayo. Na Gollum yu hai siku hiyo kwa sababu Bilbo alimhurumia zamani, Frodo akamhurumia njiani, na hata Sam aliyemchukia akashindwa kumuua mlimani. Basi tai wangeweza kuifikisha pete, tukubali. Nani angeitupa? Gandalf mwenyewe alikataa kuichukua, akijijua. Safari ya angani ingewafikisha mlimani mapema bila Gollum nyuma yao, na mkono uliobeba pete ungefumba vidole.

Jibu kama hilo halizibi pengo kwa matope. Linamrudisha msomaji kwenye kiini cha kitabu, kwamba huruma iliyoonekana upumbavu ndiyo iliyookoa nchi. Swali lililoanza kama mzaha wa vijana limefika kwenye dhamira, tena bila mtu kuandika neno "dhamira" ubaoni na kulipigia mstari.

Wako watakaosema: kwa nini tusimsikilize mtunzi, yaishe? Tolkien alisema. Katika barua ya mwaka 1958, alipokuwa akilalamikia mswada wa filamu uliovuruga kazi yake, aliwataja tai kuwa nyenzo ya hatari ambayo aliitumia kwa uchache. Kauli hiyo ina manufaa kwetu sisi tunaotunga, maana inatufunza kuogopa msaada unaoshuka kutoka mbinguni kila shujaa anapokwama. Hata hivyo haijibu swali. Inaeleza mashaka ya fundi juu ya nyundo yake, wala haielezi kwa nini Gandalf, aliye ndani ya kisa, hakuwaita tai. Mtunzi akishaachia kazi yake, kauli yake ni ushahidi mmojawapo, na kazi yenyewe ndiyo hakimu.

Tena mtunzi huyo alikuwa mfafanuzi kama wao. The Hobbit ilipotoka mwaka 1937, Gollum aliiweka pete kuwa zawadi ya mashindano ya vitendawili, na aliposhindwa alikuwa radhi kuitoa. Baadaye pete ilipokuwa kitu cha kutisha katika hadithi kubwa, kisa hicho hakikukaa tena. Toleo la mwaka 1951 likabadilishwa. Tolkien angeweza kunyamaza hapo. Badala yake, katika utangulizi wa kitabu kilichofuata, alieleza kuwa masimulizi ya kwanza yalikuwa uongo wa Bilbo, aliyetaka haki yake juu ya pete isitiliwe shaka. Hitilafu ya matoleo ikageuka kuwa dalili ya mapema ya sumu ya pete: mtu mwaminifu ameanza kusema uongo. Huko ndiko kufafanua.

Sasa nije nyumbani, maana najua pingamizi lililoko midomoni mwenu. Mtasema hayo ni mambo ya tai wasemao na pete za uchawi, na ni ya wageni. Nami nauliza: Fumo Liyongo, asiyeingiwa na silaha ila shaba kitovuni, ni jirani wa nani? Tendi zetu zimejaa mashujaa wa namna hiyo. Tunawapenda, tunajivunia, tunawatungia mitihani. Tunawauliza nini?

Chukueni utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Liyongo ni mtu wa hadhari kupita kiasi. Wenzake wanapopanga kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma, anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Anapofungwa gerezani, anaagiza kwa wimbo tupa ifichwe ndani ya mkate, na walinzi hawang'amui. Kisha mwanawe anamjia na kumuuliza ni kitu gani kiwezacho kumuua. Na Liyongo, mjanja wa wajanja, anamwambia!

Hilo ni swali la tai lililo letu wenyewe. Je, mapenzi ya baba yalimpofusha? Aliijua hila akaikubali, kwa kuchoka kuwindwa na watu wake? Au kwake kumficha mwana siri kulikuwa aibu kubwa kuliko kifo? Kila jibu linamfanya Liyongo mtu mwingine, na utenzi wote unasomeka upya. Lakini fungueni daftari la mwanafunzi muone kilichomo: wahusika, dhamira, tamathali, idadi ya mizani. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini alimwambia?" hujibiwa kuwa ndivyo utenzi ulivyo. Chuoni tulipofunzwa ualimu tuliambiwa kwamba swali la mwanafunzi ni nusu ya somo. Jibu la "ndivyo ulivyo" huichukua nusu hiyo na kuitupa dirishani. Kijana huyo akienda kwa Tolkien, ambako swali lake linapokewa kwa heshima, tusimwite msaliti wa lugha yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyeruhusiwa kuuliza huhama.

Siwapambi vijana hao kupita kiasi. Wanalo kosa lao, nalo ni tamaa ya kufunga kila mlango. Ndani ya kitabu hicho yumo Tom Bombadil, mzee mwenye nyimbo ambaye pete haina nguvu juu yake. Wamemfanya kila kitu, hata mungu aliyejificha. Tolkien alimwandikia Naomi Mitchison mwaka 1954 kwamba Bombadil ni fumbo lililoachwa kwa makusudi. Mshairi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hilo. Fumbo lenye mfumbaji si pengo, na mfafanuzi mwema hujua mahali pa kuweka kalamu chini. Lakini kukosea kwa kuuliza mno kunarekebishika. Kutouliza kabisa ndiko kunakoua tendi, kwa kuwa utenzi usioulizwa hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika siku ya matokeo.

Kwa hiyo nawapa changamoto, malenga wenzangu. Kila mmoja achague utenzi mmoja aupendao, aulize swali moja la msuko, swali la kitoto kabisa, kisha alijibu. Nami naanza na la Liyongo, leteni majibu. Sharti langu ni moja: jibu lije na ubeti mkononi. Asiniambie mtu kuwa fulani alisema, wala kwamba mwongozo wa mtihani unaeleza.

Nyuma ya diwani zetu, yale maelezo ya maneno magumu tumeyaita sherehe, neno lile lile tunaloitia harusi. Nami naliona kama ukumbusho kwamba kuelezana maneno ya mtunzi ni furaha inayokusanya watu. Vijana wa Tolkien wako katika furaha hiyo. Sisi tumekaa nje ya ukumbi, tukilalamikia kelele.