Kinda wa Miguu Iliyotanuka: Tunawafundisha Nini Watoto Wetu?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, hapa Giheta mwanafunzi wetu mmoja alikuja madrasa amebeba kinda wa njiwa ndani ya kofia yake. Miguu ya kinda ilikuwa imetanuka huku na huku, kama mtu aliyeteleza kwenye tope. Hakuweza kusimama. Nyumbani mtoto aliambiwa, "Huyo kilema, katupe." Hakumtupa. Alituuliza, "Ustadhi, nikimtupa nitapata dhambi?"

Tulimjibu hivi. Njiwa ni halali, na kumchinja akaliwa si kosa. Lakini kumtupa hai jalalani afe kwa njaa na baridi ni dhulma. Sote tunaijua Hadithi ya Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tunaijua pia habari ya Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume (S.A.W.) akimuulizia habari za ndege wake. Wanavyuoni wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege, kwa sharti la kumtunza. Ikiwa Mtume wa Allah alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto, sisi tuna shughuli gani kubwa kuliko zake?

Basi tukamtazama yule kinda. Ugonjwa huu mara nyingi huletwa na kiota chenye sakafu laini isiyo na nyasi: miguu huteleza nje kila kinda anapojaribu kuinuka, na mifupa michanga hukomaa ikiwa imepinda. Upungufu wa madini ya chokaa nao huchangia. Dawa yake ni kuwahi katika siku za mwanzo, mifupa ikiwa bado laini. Miguu miwili huunganishwa kwa kitambaa laini, ikae chini ya mwili kwa upana wake wa kawaida, na kiota hutandikwa nyasi kavu.

Mara ya kwanza tulifunga kwa nguvu mno, kesho yake tukakuta mguu umevimba. Tukafungua, tukafunga upya kwa ulegevu, na tukawa tunaukagua kila siku. Tulimrudisha kwa wazazi wake, kwa kuwa njiwa hulisha makinda kwa maziwa ya gole lao, na joto lao linahitajika katika baridi ya usiku wa huku kwetu. Baada ya siku kadhaa alisimama. Mguu mmoja bado umegeuka kidogo, lakini anatembea, Alhamdulillah.

Hata hivyo, kumtunza njiwa wa bandani si sawa na kwenda bondeni kuchukua makinda ya umusambi, yaani korongo taji. Abu Dawud amepokea kwamba Maswahaba walichukua makinda wa ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishwe. Jirani zetu Rwanda waliona matokeo ya kufuga korongo hao majumbani na mahotelini. Tangu 2014, shirika la Rwanda Wildlife Conservation Association limekuwa likiwakusanya. Wazima walipelekwa hifadhi ya Akagera. Wasioweza tena kuishi porini, zaidi ya 50, wakapewa makao Umusambi Village, Kigali. Hao nao ni vilema, na ulemavu wao wengi ulitoka mikononi mwa watu.

Sasa tuseme lililotufanya tuandike. Mtoto alipolirudia lile neno, "kilema, katupe", darasa zima lilisikia. Miongoni mwa waliosikia yumo mwanafunzi anayetembea kwa fimbo. Hakusema kitu. Aliinamisha macho kwenye juzuu yake.

Wazazi wenzetu, mtoto hujifunza thamani ya mwanadamu kwa maneno tunayoyatupa ovyo juu ya kuku, mbuzi na njiwa. Na wapo wanaowaficha nyumbani watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, kwa haya, au kwa kusema ni qadar basi yamekwisha. Qadar haizuii tiba. Nyayo hizo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na hufaa zaidi zikianza katika wiki za mwanzo za maisha. Mtoto mkubwa naye bado anaweza kusaidiwa, kwa hiyo aliyechelewa asikate tamaa. Mpelekeni hospitali, kisha mleteni madrasa akae mstari wa mbele.

Tukiweza kuukagua mguu wa njiwa kila siku, hatuna udhuru mbele ya Allah kwa mguu wa mwana wa Adamu.

Wabillahi tawfiq.