Fame ya runingani, ndiyo. Fame ya sinema, bado

Binti yangu ana miaka 11 na ngoma imemwingia mwilini. Alirudi kutoka kwa mama yake mdogo na flashi yenye Fame, kisa cha wanafunzi wa shule ya sanaa jijini New York. Mdogo wangu akaniambia, “Dada, mwache aangalie, hiyo ni ya watoto wa shule.” Nilikaa naye hata hivyo.

Kumbe ndani mlikuwa na vitu viwili vyenye jina moja. Kimoja ni filamu ya Alan Parker ya mwaka 1980, ambayo Marekani ilipewa alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. Kingine ni tamthilia iliyozaliwa na filamu hiyo, ikarushwa kuanzia 1982 hadi 1987. Majina ya wahusika kadhaa ni yaleyale, na hata baadhi ya waigizaji.

Tulianza na filamu. Wavulana walipochungulia wasichana wakibadilisha nguo, nikazima. Usiku niliimalizia peke yangu, nikafika kwa Coco, binti mwenye kipaji kikubwa, aliyefuatwa na mwanamume anayejidai mtengeneza filamu. Anamkaribisha kwake, anawasha kamera, anamwambia avue blauzi. Coco anavua huku analia. Nililia naye. Mtoto wa miaka 11 ataondoka hapo na hofu tu. Akifika 15, nitamwonyesha mwenyewe tukiwa wawili, kwa sababu wanaume wa namna ile wapo, na wanajua kumnusa msichana mwenye ndoto.

Tamthilia tunaiangalia kila Jumamosi. Debbie Allen, kama mwalimu Lydia Grant, hapitishi hatua iliyolegea. Leroy wa Gene Anthony Ray anaruka kama hana mifupa, lakini mwalimu wa Kiingereza bado anamdai kazi ya darasani. Hilo ndilo nililolitaka, maana mwanangu amezoea densi za sekunde 30 kwenye simu, ambamo sifa zinaonekana na jasho halionekani. Mapenzi ya vijana yamo pia; ananiuliza, ninamjibu.

Wazazi wenzangu, jina lisiwatoshe. Tazameni mwaka: ikiandikwa 1980, isubiri.