Ruta ya Kujitengenezea Isiondoke na Fundi Wake

Walimu wa Mkoa wa Mara wanaijua radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na shule iliyoko Musoma, Bunda au Butiama haihitaji takwimu kuliamini jambo hilo. Kifaa kilicho hatarini zaidi ni kile kilichofungwa kwenye nyaya mbili kwa pamoja, wa umeme na wa mawasiliano. Ruta ni kifaa cha namna hiyo.

Ruta ni bawabu. Husimama baina ya modemu, inayopokea intaneti kutoka nje, na kompyuta zilizomo ndani. Huzigawia kompyuta hizo anwani, na ikiwekewa ngome ya programu huamua kipi kipite na kipi kirudishwe mlangoni. Bawabu huyu aweza kuundwa shuleni. Kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, moja ikielekea nje na nyingine ndani, pamoja na programu huria ya Linux, yatosha. Wala jambo hili si geni Mara. Katika miaka ya 2000 mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm, ulijenga mtandao katika wilaya za Bunda na Serengeti kwa kutumia faiba ya TANESCO, na ruta zilizoundwa kwa ajili yake zilikuwa za vipuri vya kawaida, programu huria na umeme kidogo.

Kuunda ruta ya kwanza, basi, sipo penye shida. Shida huanza siku ya kuibadilisha.

Chukulia shule ambayo mwalimu aliyeiunda ruta amekwisha hamishiwa mkoa mwingine. Radi inapiga, ruta inakufa. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaunda nyingine kwa kompyuta iliyokuwa stoo, wanaiunganisha na modemu, taa zote zinawaka, na intaneti haiji. Wanabadilisha waya; haiji. Wanaifuta programu na kuiweka upya, haiji. Mwishowe mmoja anaizima ngome ajaribu, na katika pirikapirika hizo hakuna anayekumbuka kuiwasha tena.

Nayo mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, iitwayo anwani ya MAC, yenye biti 48, ambayo huandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa kumi na sita. Modemu za kebo, zile ziletazo intaneti kwa waya wa televisheni huko Marekani na Ulaya, nyingi huishika namba ya mashine ya kwanza kuunganishwa nazo, zikakataa kuihudumia nyingine mpaka zizimwe na kuwashwa upya. Mahali ambapo intaneti huja kwa faiba au kwa redio kifaa ni kingine, lakini mkasa waweza kuwa ule ule, kwani wako watoa huduma wanaoifunga huduma kwenye namba hiyo, na wengine hudai jina na neno la siri. Dawa ya kwanza ni kuizima modemu, betri yake itolewe kama inayo, kungoja dakika chache, kisha kuiwasha kabla ya ruta. Isipokubali, ruta mpya iamriwe kutumia namba ya MAC ya marehemu. Linux huliweza hilo kwa amri moja. Lakini namba hiyo itapatikana wapi, ikiwa haikuandikwa popote ila ndani ya mashine iliyoungua?

Kwa hiyo ruta iliyoundwa shuleni isihesabiwe kuwa imekamilika kabla ya daftari lake kuandikwa, tena daftari la karatasi. Humo iwemo namba ya MAC, kadi ipi huelekea modemu, na kila sheria ya ngome pamoja na sababu yake. Sheria isiyo na sababu hufutwa na mgeni wa kwanza. Neno la siri likae kwa mkuu wa shule, chini ya ufunguo.

Wako wasemao heri kununua ruta dukani, na wana hoja. Kompyuta ya wati 80 ikiwaka mfululizo siku 30 hula uniti 57.6 za umeme. Kifaa cha wati 8 hula uniti 5.76. Shule inayonunua LUKU kwa kubana matumizi haiwezi kulipuuza hilo, na yafaa itafute kompyuta ndogo isiyo na ulafi huo. Hata hivyo ruta ya dukani nayo huungua, nayo pia hukataliwa na modemu ile ile.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na shule nyingi zikaielewa kuwa ni jembe tu. Somo la vitendo la leo laweza kuwa hili: mara moja kila muhula ruta nzima ichomolewe, na wanafunzi wa kidato cha tatu waunganishe nyingine kwa kulitegemea daftari peke yake, mwalimu akiwa ameketi kimya. Wakishindwa, kosa limo daftarini, na lisahihishwe siku hiyo hiyo, kabla mvua za Machi hazijaanza.