Ijumaa Mbili Zilizotupita



Jumatano ya tarehe 27 Novemba, siku ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa hapa Tanzania Bara, tulimkuta mama mmoja, mtu mzima wa msikiti wetu, akirejea kutoka kituoni. Mkononi alikuwa na kadi yake ya mpiga kura, aliyoitunza vizuri tangu uchaguzi uliopita. "Wanangu, nimeambiwa jina langu halimo," alisema. Kabla ya adhuhuri tulikwisha kuwasikia waumini wengine sita waliorudishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Tunaliandika jambo hili kwa kuwa sehemu ya kosa ni letu, sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti.

Wengi katika jamii yetu hudhani kwamba kadi ya mpiga kura inatosha kwa kila uchaguzi. Sivyo. Kadi hutokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume ya Uchaguzi, nalo hutumika katika Uchaguzi Mkuu, tunapomchagua Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji husimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa upya katika kila eneo. Anayeandikishwa ni raia aliyetimiza umri wa miaka 18, mwenye akili timamu, na mkazi wa eneo lile. Asiyekwenda kuandikishwa mtaani kwake hapigi kura, hata awe na kadi.

Safari hii uandikishaji ulianza tarehe 11 Oktoba na kwisha tarehe 20. Tarehe 11 ilikuwa Ijumaa. Tarehe 18 ilikuwa Ijumaa pia. Mara mbili msikiti ulijaa hadi barazani, na mara mbili tulisimama baada ya swala kutangaza mchango wa mikeka na ratiba ya madrasa. Kuhusu orodha hatukutamka neno. Tulihofu kuonekana tunaingiza siasa msikitini. Sasa tunaona kuwa tulichanganya mambo mawili. Kumwambia muumini amchague nani ni siasa ya chama, na mimbari haikuwekwa kwa kazi hiyo. Kumjulisha siku ambayo haki yake inaandikwa ni kufikisha amana, na amana, kama inavyofundisha Suratun Nisaa, hufikishwa kwa mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza: uenyekiti wa mtaa una uzito gani? Mama yule ana mgogoro wa mpaka na jirani yake tangu marehemu mumewe alipofariki. Mgogoro ukizuka, wa kwanza kuitwa ni mwenyekiti wa mtaa. Barua ya utambulisho ya mtoto anayetafuta kitambulisho, ya kijana anayeombewa dhamana, ya mjane anayefuatilia mirathi, zote huanzia ofisi ile. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, hatumpigii kura. Tunayemchagua ni mwenyekiti, pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa, wakiwamo wajumbe wa kundi la wanawake. Vijijini uzito ni mkubwa zaidi, kwani halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji wenyewe.

"Atakayekuja kusimama kwenye mpaka wangu amechaguliwa na wengine," alituambia mama yule, "mimi simo." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi.

Tangu siku hiyo kamati imekaa na kuandika maazimio katika kitabu chake. Kwanza, tarehe za kila uandikishaji zitatangazwa Ijumaa zote zinazohusika, na kubandikwa kwenye ubao wa wanaume na wa wanawake, bila kutaja chama wala mgombea. Pili, vijana wa madrasa waliotimiza umri watawapitia wazee na wagonjwa majumbani, wawakumbushe na kuwasindikiza. Tatu, orodha ikibandikwa hadharani kwa ukaguzi, kila familia itume mtu akasome majina ya watu wa nyumba yake, maana kosa la herufi hurekebishika kabla ya siku ya kura, si siku yenyewe.

Kwenu wazazi, tunaomba mambo mawili. Kila Uchaguzi Mkuu unapokaribia, ulizeni mapema siku za uboreshaji wa Daftari katika mkoa wenu, hasa mliohama na vijana wanaotimiza miaka 18. Na mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni. Aliyekosa kura hajakosa kauli. Mwenyekiti na kamati yake wanapaswa kusikia kutoka kwa kila mkazi, na mapato na matumizi ya mtaa husomwa pale pale.

Uchaguzi mwingine wa mitaa, Allah akitujaalia uhai, ni mwaka 2029. Mama yule ametuambia atakuwa amekwisha kuzeeka. Tumemwahidi kwamba siku ya kwanza ya uandikishaji tutakuwa mlangoni kwake baada ya swala ya alfajiri. Mtukumbushe.

Wabillahi tawfiq.