Chakula cha safari ya treni

Vakansi kubwa inakaribia, na wengi wetu wa Mashamba tutapeleka watoto kwa babu na bibi, Kamina. Kutoka Kolwezi treni inapita Tenke, kisha inashika njia ya kaskazini. Ikiharibika porini, hakuna soko. Basi, tukihesabu siku za safari, tuongeze tatu.

Kinachooza mapema kiliwe kwanza. Siku ya kwanza tule bukari na sombe tulivyopika nyumbani, visilale. Siku ya pili, viazi vitamu vya kuchemsha na mikate. Baadaye karanga za kukaanga na kapenta kavu. Kwa zile siku tatu, kilo 1 ya unga wa uji kwa kila mtu ikae katika mfuko wake. Mbabula tuiwashe chini tu, treni ikisimama, kamwe si ndani ya behewa.

Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha, tutie katika litre 1 vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

Na jirani wa behewa akiishiwa, mtoto wake naye apate uji.