Binti wa Sajini na Mradi wa Mwaka wa Mwisho

Katika nyumba moja ya kambi ya polisi mjini Kampala, binti wa sajini aliyetumikia simu ya upepo kwa miaka mingi alirudi likizo na karatasi tatu mkononi. Alikuwa anaingia mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme, na kila karatasi ilibeba jina la mradi ambao angeweza kuuchagua kwa ajili ya shahada yake. Ya kwanza ilitaja rada ya kumtambua mtu aliye nyuma ya ukuta. Ya pili, antena ya simu za kizazi cha tano katika masafa ya megahezi 28,000. Ya tatu, ambayo aliificha chini ya zile mbili, ilitaja kichujio cha kuzuia stesheni za FM zisivuruge kipokezi cha picha za satelaiti za hali ya hewa.

Wazazi walio wengi wangeishangilia rada. Jina lake ni zito, na habari yake husambaa upesi kambini. Lakini baba huyu aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, chombo hicho ukishakitengeneza, utakipima kwa kitu gani?"

Binti hakuwa na jibu. Na hapo ndipo wanafunzi wengi wa fani hii wanapokwama. Seremala huona kwa macho yake kwamba mguu wa meza umepinda. Wimbi la redio halionekani, na asiye na kipimo hana ushahidi. Katika megahezi 28,000 urefu wa wimbi zima haufiki milimita 11. Kosa la nusu milimita katika kukata shaba, ambalo kwenye antena ya FM halina maana yo yote, laweza kuiharibu kazi nzima. Vyombo vya kupimia masafa hayo ni ghali mno. Basi mwanafunzi huishia kuichora antena ndani ya kompyuta, kompyuta ikaisifu, na siku ya kujitetea wasahihishaji wakauliza: iko wapi?

Rada nayo ina tatizo jingine: ni lazima irushe mawimbi. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, matumizi ya masafa nchini Uganda yamo mikononi mwa Tume ya Mawasiliano, na kibali hakiombwi wiki moja kabla ya mtihani. Nyumba iliyo jirani na mitambo ya polisi haihitaji kuelezwa hatari ya kurusha mawimbi ovyo.

"Lakini baba, wenzangu watacheka. Kichujio ni kitu kidogo."

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alijibu kabla ya mumewe. "Karo ya mwaka wa tano haimo katika mshahara wa baba yako. Na mdogo wako anangoja zamu yake."

Karatasi ya tatu ikawekwa juu. Sajini alipoona megahezi 137 alitabasamu, kwa kuwa hesabu hiyo aliifanya porini mara nyingi: 300 gawanya kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Ni kama mita 2.2. Robo yake, ukipunguza kidogo, ni sentimita 53. Fimbo mbili za alumini za urefu huo, zikitanuliwa mfano wa herufi V, ni antena iliyokamilika.

Hata hivyo kulikuwa na mtego. Wanafunzi wa miaka iliyopita walipokea picha kutoka satelaiti za Marekani, NOAA 15, 18 na 19. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025, na anayenakili mradi wa kaka zake ataelekeza antena mbinguni asisikie kitu. Zipo satelaiti za Urusi, Meteor-M N2-3 ya mwaka 2023 na N2-4 ya mwaka 2024, zilizoundwa kutangaza picha karibu na masafa hayo hayo. Mwenye busara huhakikisha kwanza kwa masikio yake kwamba zinasikika, ndipo aandike pendekezo.

Na kwa nini kichujio? Stesheni za FM hutangaza kati ya megahezi 88 na 108, na milingoti ya Kololo inauangalia mji mzima kutoka juu. Kipokezi kidogo cha kuchomeka katika kompyuta hulemewa na nguvu hiyo, kama mtu anayenong'onezwa kando ya ngoma za harusi. Kazi ya binti ilikuwa kuidhoofisha FM kwa desibeli 30, yaani ibaki sehemu moja ya elfu ya nguvu yake, huku megahezi 137 zikipoteza si zaidi ya desibeli 2. Sharti hilo lina namba, na lenye namba hupimika. Kipimo chake, NanoVNA, hutosha kiganjani, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na vyombo vya maabara. Zaidi ya hayo, kichujio hakirushi kitu hewani.

Aliazima kipimo hicho kwa mwenzake. Koili alizizungusha kwa waya wa shaba juu ya shina la kalamu, kapasita akazinunua mara mbili ya idadi iliyotakiwa, kwa maana zile ndogo huungua chini ya mkono usiozoea kulehemu. Usiku wa kwanza mstari kwenye kioo ulionyesha kwamba kichujio kinapitisha vizuri megahezi 121, si 137. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Nyuzi zimebanana," alisema baba, akiinama juu ya meza. "Zitanue."

Alizitanua kwa ukucha, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mstari ukaanza kusogea kulia: 126, 131. Mama akaleta taa karibu.